Mungu wa jua, mwami aliyeitwa Mwezi, na nani alikuwa na haki ya kusema "pandeni"



Siku hizi picha moja imezunguka sana kwenye simu zetu. Farao amekaa, juu ya kichwa chake kuna jua jekundu, na chini kuna maandishi kwamba kabila fulani la huku kwetu lilitoka Misri, kwamba lilikuwa likiabudu mungu wa jua Ra, na ndiyo maana lilizaliwa kutawala. Mwingine akajibu: kama mlitoka Misri, basi rudini Misri. Mmeona wenyewe maneno yalifika wapi baada ya hapo. Kwa vile zamu ya kuandika ilikuwa yetu, tukaona afadhali tuandike juu ya jambo lenyewe. Mungu wa jua alikuwa anafanya kazi gani kwa watawala wa zamani? Na huku kwetu, kwenye milima hii inayotutazama kila asubuhi tukienda kuchota maji, mbingu ilikuwa na kazi gani katika utawala?

Tuanze na Misri, tena haraka, juu Misri siyo kwetu.

Kuanzia kama mwaka 2500 kabla ya Kristo, wafalme wa Misri walianza kujiita mwana wa Ra. Ukoo wa tano wa wafalme hao ukajenga mahekalu ya jua karibu na Abusir, si mbali na Kairo ya leo. Ukiangalia kisiasa, jina hilo lilikuwa na faida kubwa. Misri iliishi kwa nafaka, serikali iliishi kwa kodi ya nafaka, na jua ndilo linaloivisha nafaka. Kama mfalme ni mtoto wa jua, basi kumpa sehemu ya mavuno si kodi tena, ni kumrudishia mzazi kilicho chake. Wajanja, si uongo.

Lakini mungu akishakuwa na hekalu, hekalu linakuwa na mashamba, mashamba yanakuwa na makuhani, na makuhani wanakuwa na nguvu. Karibu mwaka 1350 kabla ya Kristo, mfalme Amenhotep wa 4 akabadili jina lake akajiita Akhenaten. Akasema anayestahili kuabudiwa ni Aten, yaani lile duara la jua lenyewe. Mahekalu ya Amun akayafunga, akajenga mji mkuu mpya jangwani. Wengine wanamsifu kwamba aligundua imani ya Mungu mmoja. Inawezekana. Sisi tunaona pia hesabu ya mali: mahekalu ya Amun yalikuwa na ardhi na ng'ombe wengi mno, na katika dini mpya njia ya kumfikia Aten ilipita kwa mfalme na familia yake tu. Alitawala miaka kama 17. Miaka michache baada ya kifo chake, mtoto aliyeitwa Tutankhaten akakalia kiti, na baada ya muda mfupi jina lake likageuzwa kuwa Tutankhamun. Mji wa jangwani ukaachwa mtupu. Makuhani wa Amun wakarudi kazini.

Sasa tusogee karibu na nyumbani. Kule Ethiopia, wafalme wa Aksum walipiga sarafu zao wenyewe. Sarafu za mwanzo, juu ya kichwa cha mfalme, zina alama ya duara na mwezi mwandamo. Mfalme Ezana alipoingia Ukristo, katika karne ya 4, alama hiyo ikaondolewa na mahali pake pakawekwa msalaba. Mfalme ni yule yule, ufalme ni ule ule, sarafu inanunua mkate ule ule. Kilichobadilika ni nani yuko juu ya kichwa cha mfalme.

Na ukishuka Tanzania utakuta makabila mengi ambayo jua na Mungu wanashirikiana jina. Kwa Wachaga wa Kilimanjaro, Ruwa ni Mungu na ni neno la jua. Wamisionari wa Kilutheri walipofika, hawakutafuta jina jingine, walihubiri kwa jina hilo hilo. Kwa Wairaqw wa Mbulu, Looaa ni jua na ni Mungu, tena ni mama. Kwa Wahaya wa Bukoba kulikuwa na Kazoba, na mtu yeyote anayesema Kirundi, Kishi au Kifuliiru akisikia "Kazoba" anasikia izuba ndani yake. Lakini angalieni Kilimanjaro: jua lilikuwa moja, na wamangi walikuwa wengi. Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho waligombana miaka na miaka, wote wawili chini ya Ruwa mmoja. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kuabudu jua ndiyo alama ya watu waliozaliwa kutawala, muulize: kwa nini basi kule Kilimanjaro jua halikumchagua mmoja wao?

Jua liliingia kwenye siasa kwa njia nyingine pia, ile ya hofu. Wazee wa Ankole, Uganda, walisimulia kwamba jeshi la Bunyoro chini ya mfalme Olimi lilikuwa limewavamia na kuteka nchi. Mara jua likazimika mchana pale Biharwe. Wanyoro wakaona hiyo siyo dalili ya kuendelea na vita, wakarudi kwao. Wanahistoria wengi wanalilinganisha simulizi hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520, na leo kuna mnara wa kumbukumbu Biharwe, kando ya barabara ya kwenda Mbarara. Jeshi zima limerudishwa nyuma na kivuli cha dakika chache. Hakuna mwami ambaye angepuuza kitu chenye nguvu namna hiyo.

Haya, tufike Burundi.

Kwanza tuondoe kosa moja. Imana siyo jua. Wanyarwanda wana msemo maarufu kwamba Imana hushinda kwingine mchana kutwa na jioni hurudi kulala Rwanda. Hebu fikirini: jua linafanya kinyume kabisa, linashinda nasi na usiku linatuacha. Waliotunga msemo huo hawakuwa wanamchanganya Mungu na jua. Na mwami wa Burundi hakujiita mwana wa jua.

Lakini sikilizeni majina ya wami wa Burundi. Yalikuwa manne, na yalirudi kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, halafu tena Ntare. Ntare ni simba. Mwezi, sisi watu wa Kiswahili hatuhitaji mkalimani. Mutaga linatokana na umutaga, yaani mchana, mwanga wa siku. Mwambutsa ni yule anayevusha watu ng'ambo ya mto. Zamu ya mwisho iliyokamilika ilikwenda hivi: Ntare Rugamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Mwezi Gisabo hadi 1908, Mutaga Mbikije kuanzia 1908 hadi 1915, Mwambutsa Bangiricenge kuanzia 1915 hadi 1966. Baada yake Ntare Ndizeye alikaa miezi michache tu, na tarehe 28 Novemba 1966 Micombero akatangaza jamhuri.

Kwa maoni yetu, huo ni ujanja mkubwa kuliko wa farao. Farao alisema "mimi ni mtoto wa jua", na akikosea yeye, jua lenyewe linaaibika. Warundi waliweka mwezi na mchana katika orodha ya zamu. Mwami mmoja ni usiku wenye mwanga, anayemfuata ni mchana, anayefuata anavusha, kisha simba anaanza upya. Mtu anakufa, zamu inaendelea. Hata mwami mbaya anakuwa saa moja tu ya siku ndefu.

Na kazi ya kimbingu ya mwami haikuwa ya jina peke yake. Kila mwaka, karibu na mwezi wa kumi na mbili, kulikuwa na sherehe ya umuganuro, huko Muramvya na Bukeye, katikati ya nchi. Ngoma kubwa ya ufalme, Karyenda, ambayo siku nyingine ilifichwa na kutunzwa, ilitolewa nje. Mwami alikula ugali wa mtama, na baada ya hapo ndipo nchi nzima ilipewa ruhusa ya kupanda mtama. Kabla ya hapo, hapana. Kwa Kirundi ngoma inaitwa ingoma, na neno hilo hilo ni ufalme, ni utawala wa mwami fulani. Ngoma ikilia, serikali imesema.

Kijana wa leo anaweza kucheka: ruhusa ya kupanda, kwani mkulima hajui mvua? Tulicheka nasi pia mwanzoni, halafu tukapiga hesabu. Mwezi mmoja wa angani ni siku 29 na nusu. Miezi 12 ni siku 354. Mwaka wa jua, ule unaoleta mvua na kiangazi, ni siku 365 na kidogo. Zinapungua siku 11. Ndugu zetu Waislamu wa Buyenzi wanalijua vizuri hilo, Ramadhani inasogea kila mwaka, leo iko kwenye mvua, miaka kadhaa mbele iko kwenye vumbi. Kwa saumu si shida. Kwa mtama ni njaa. Mtu akihesabu kwa mwezi peke yake, baada ya miaka 3 amekosea mwezi mzima. Akipanda mapema, jua la katikati linaunguza miche. Akichelewa, mvua zinakatika kabla mtama haujajaza, na mavuno ya kiangazi, wanachokiita ici, yanakuwa makapi. Na watu wa mlima mmoja wakipanda peke yao kabla ya wengine, ndege wote wa nchi wanahamia kwao.

Kwa hiyo mwezi unahesabu na jua linaamua, na hawa wawili hawakubaliani. Lazima awepo mtu wa kusimama katikati na kusema: sasa. Huyo alikuwa mwami. Hapo ndipo penye jibu la swali letu, kwamba nguvu ya mungu wa jua katika siasa haikuwa sana kwenye sanamu au kwenye sala. Ilikuwa kwenye kalenda. Anayeshika tarehe ameshika tumbo la watu. Sisi tunaojitolea kwenye ugawaji wa chakula tunalijua hilo bila kwenda chuo: mtu anayetangaza siku ya mgao hana haja ya kupiga kelele, kambi nzima inamtazama mdomo.

Sasa ile sehemu ambayo picha za farao hazisemi. Mwami hakuamua tarehe peke yake. Kulikuwa na watu wanaoitwa abanyamabanga, watu wa siri. Wao ndio walijua ibada, walitunza ngoma, walitunza makaburi ya wami na ya mama zao, waliandaa umuganuro. Kila ukoo ulikuwa na kazi yake. Na wanahistoria waliofanya utafiti huko, kama Emile Mworoha, Mrundi mwenyewe, na Jean-Pierre Chrétien, Mfaransa, wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya koo hizo zilikuwa za Wahutu. Wenye ukoo wa kifalme walikuwa Baganwa, ambao hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi. Yaani mwami asingeweza kuwa mwami bila hao watunza siri, na watunza siri hawakuwa na kazi bila mwami. Hatusemi kulikuwa na pepo duniani. Kulikuwa na wenye ng'ombe na wasio nao, kulikuwa na kunyang'anywa, wami na Baganwa walipigana sana. Lakini haki ya kusema "pandeni" ilikuwa imefungwa kwa mikono mingi, na hakuna kabila moja lililokuwa na ufunguo peke yake.

Basi Misri iliingiaje huku? Iliingia na wageni. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nili, aliandika kwamba wafalme wa nchi za maziwa makuu lazima walitoka Ethiopia, kwa sababu yeye aliona wana sura nzuri na serikali yenye mpango, na hakuamini watu weusi wa hapa wangeweza kuijenga wenyewe. Soma tena sentensi hiyo polepole. Hadithi ya kutoka Kaskazini haikuanza kama sifa kwa kabila lolote. Ilianza kama dharau kwetu sote.

Halafu mwaka 1892 akaja Oscar Baumann, Mwaustria. Alivuka Burundi mwezi wa tisa mwaka huo, na watu wengi wakamfuata wakiimba na kucheza. Akaandika kwamba walimchukua kuwa Mwezi, mfalme wa ukoo ulioshuka kutoka mwezini, mwenye uso mweupe, aliyerudi kwa watu wake baada ya mfalme wa mwisho kufa. Hadithi tamu kwa msomaji wa Ulaya. Shida ni ndogo tu: mwami mwenyewe, Mwezi Gisabo, alikuwa hai kabisa wakati huo, akiendelea kutawala, na alikuja kufa miaka 16 baadaye! Baumann alipita katika nchi yake bila kuonana naye, akadhani hayupo. Wajerumani walihitaji vita hadi 1903 ndipo mwami huyo "aliyekufa" akakubali masharti yao huko Kiganda, akatozwa faini ya ng'ombe 424.

Mnaona namna jina lilivyogeuzwa. Kwa Warundi, Mwezi ni zamu katika kalenda ya wami. Kwa mgeni, Mwezi ni uthibitisho kwamba watawala walitoka juu, au mbali, na kwamba mzungu ni ndugu yao. Baada ya hapo wamisionari na maofisa wakaandika vitabu, vitabu vikaingia shuleni, na babu zetu wakafundishwa kwamba Watutsi ni wageni wa Kihamiti na Wahutu ni Wabantu wa kutawaliwa. Hiyo ndiyo elimu iliyovuka hata Ruzizi ikaingia kwetu Uvira, Fizi na Minembwe. Waliopigania ukuu waliitumia, na waliopigania kufukuza wengine waliitumia vile vile, juu ukimwita mtu mgeni wa Misri leo, kesho utamwonyesha njia ya kurudi. Hatuhitaji kuwakumbusha sisi tumefikaje Bujumbura.

Wabelgiji ndio walimaliza kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Mwambutsa akiwa bado kijana mdogo, umuganuro ukaachwa. Mapadri waliuona ni upagani, na serikali haikuona sababu ya kuutetea. Rwanda walitangulia: mwaka 1925 sherehe yao ya umuganura ilipigwa marufuku, na Gashamura, mkuu wa watunza siri wa sherehe hiyo, akahamishwa kwa nguvu hadi Gitega, hapa Burundi. Kosa lake lilikuwa kujua siku.

Na miaka hiyo hiyo wakapanga upya machifu. Mwaka 1929 Burundi ilikuwa na machifu 133, na 27 kati yao walikuwa Wahutu. Mwaka 1945 hakukuwa na Mhutu hata mmoja. Wekeni mambo hayo mawili pamoja. Sherehe ambayo koo za Wahutu zilikuwa na kazi ndani yake imeondolewa, na uchifu nao wameondolewa, yote katika muda wa miaka kama 15. Mwami alibaki na kiti na mshahara. Tarehe ya kupanda ikahamia kwa watu wa kilimo wa serikali ya kikoloni, pamoja na kahawa ya lazima, na asiyepanda alijua kiboko na jela. Hakuna mungu aliyevunjwa sanamu hapo, hakuna hekalu lililochomwa kama kwa Akhenaten. Walichukua kalenda tu.

Nchini Rwanda umuganura umerudishwa siku hizi, unasherehekewa mwezi wa nane. Burundi ngoma ndizo zimebaki na nguvu. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Amri ya serikali ya mwaka 2017 ikasema wanawake wasiipige, jambo ambalo dada zetu wa kundi wana la kusema, na tutawapa nafasi waandike wenyewe. Kwa walioko upande wa Gitega, Gishora iko kilomita chache tu kutoka mjini. Ni Mwezi Gisabo aliyepaanzisha, na watimbo wa hapo wanatoka katika koo zilizorithishana kazi hiyo. Ukifika, omba wakueleze jina la kila ngoma. Wanaeleza bila haraka, na tarehe za zamani wanazihesabu kwa majina ya wami.